Waya Uliozama Kwenye Ufa

Jumamosi asubuhi, wenzangu wakiwa bado wamejifunika shuka, mimi nilikuwa njiani na ndoo ya vifaa, nikimfuata mama kazini. Mama ni fundi wa zege. Mimi ananiita Kiherehere, kwa sababu mikono yangu huanza kazi kabla masikio hayajamaliza kusikia. Jina halinikeri. Nina miaka kumi na miwili, na kazi ile naipenda kuliko mchezo wowote.

Siku hiyo tulikwenda kwa mkunga, ambaye vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake ni kliniki ya kina mama wajawazito. Njia ya gari, kutoka getini hadi mlangoni, ilikuwa imepasuka huku na huku. Nilihesabu nyufa kumi na moja.

"Kazi yako unaijua," mama aliniambia. "Chokonoa, toa vumbi, kisha pima."

Kupima ndiko kulikomtofautisha mama na mafundi wengine. Alikuwa na waya mnene wa chuma wenye alama ya rangi nyekundu, na hakuna ufa aliowahi kuujaza bila kuuchomeka humo kwanza. Waya ukigota kabla ya alama, basi zege limekaa juu ya udongo imara. Ukipita alama, chini kuna shimo, na zege litavunjika tu. Waya huo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimepoteza mwiko wake, naye aliniambia bila kupandisha sauti kwamba nikipoteza kifaa kingine nitabaki nyumbani.

Nyufa kumi zilikuwa salama. Ule wa mwisho, karibu na geti, niliupima huku nimegeuza shingo kumtazama mama akichanganya saruji na mchanga. Waya haukugota. Uliniponyoka vidoleni, ukateremka wote, kisha nikasikia mlio mdogo kutoka chini kabisa.

"Vipi huko?" mama aliuliza.

"Zote ziko sawa," nilijibu. Mdomo wangu nao una kiherehere chake.

Mama alijaza nyufa zote, akazisawazisha kwa mwiko, tukazifunika kwa magunia yaliyolowa maji.

"Gari lisipite kwa siku saba," alimwambia mkunga. "Binti yangu atapita kila akitoka shule kumwagilia magunia, saruji isikauke haraka."

"Hakuna shida, fundi. Lori linaloniletea tangi la maji na vitanda vya chuma litakuja Jumamosi ijayo. Dereva ni yule mdogo wako."

Mdogo wake mama ni mjomba wangu, anayenifundisha hesabu na kuniibia karanga. Lori lake lingepita juu ya ufa ule.

Wiki hiyo nilijua woga ni nini. Kila alasiri nilisimama juu ya ufa ule na ndoo yangu, nikikanyaga kwa ncha za vidole. Jumatatu niliinama, nikasikia maji yakidondoka chini ya zege, tone baada ya tone. Jumanne mama mmoja mjamzito aliingia getini, nikamsihi apite pembeni. Alicheka, akasema nina adabu sana. Nilitamani kulia.

Alhamisi mama aliniuliza, "Waya wangu uko wapi?"

"Kwenye ndoo ya vifaa, mama."

Usiku huo sahani yangu ilirudi jikoni imejaa. Mama alinishika paji la uso akidhani nina homa. Mara tatu nilifungua mdomo niseme, na mara tatu nilimeza maneno.

Jumamosi tulikwenda kutoa magunia. Nilikuwa nimeshika la mwisho niliposikia honi niliyoizoea. Lori lilikata kona, tangi jeusi likitikisika juu, mjomba akipunga mkono dirishani. Magurudumu ya mbele yalikaribia geti. Niliona ufa, nikaona mkono ule, nikajikuta nimesimama katikati ya njia.

"Mpwa wangu, unataka nikugeuze zulia?" mjomba aliuliza, akifunga breki.

"Usiingie, mjomba. Chini kuna shimo." Nilimgeukia mama. "Waya ulizama hapa. Wote. Nilikudanganya, niliogopa kubaki nyumbani."

Mama alichukua nyundo, akagonga karibu na mlango, sauti ikawa kavu na nzito. Akagonga karibu na geti, sauti ikavuma kama ya pipa tupu. Uso wake ulibadilika. Alimwashiria mjomba arudishe lori nyuma, kisha akachukua nyundo kubwa. Kwa pigo la tatu, kipande cha zege kilianguka ndani. Shimo lilikuwa la kumfika mjomba kifuani. Maji ya bomba lililotoboka yalikuwa yameusomba udongo kwa muda mrefu, na waya wa mama ulikuwa umelala kwenye tope.

Mjomba alitazama shimo, akatazama lori lake, akaenda kukaa chini pembeni ya ukuta. Hakuwa na utani tena.

Mimi nilikuwa nalia. Mama aliniinua kidevu.

"Waya ukipotea nitanunua mwingine dukani," alisema. "Huyu je," akamwonyesha mjomba, "ningemnunua duka gani?"

Nilimtazama mjomba pale ukutani.

"Na mimi nina kosa," mama aliendelea. "Ufa ule ningeupima mwenyewe. Lakini nilijaza kwa kuamini neno lako, mkunga akafungua geti kwa neno hilohilo. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, gari likiwa bado linaweza kurudi nyuma. Leo umewahi. Kwa bahati."

Siku hiyo fundi bomba aliziba tundu, tukajaza shimo kwa mawe na udongo, mama akaushindilia mpaka ukawa mgumu, kisha akamwaga zege jipya. Mjomba aliuosha waya aliokuwa ameuopoa topeni, akampa mama. Mama akaniwekea mkononi.

"Hutabaki nyumbani," alisema. "Lakini mwiko hutaugusa mwezi mzima. Utapima tu, na kila ukipima utaniita nione."

Kulikuwa na ufa mwingine mdogo mbele ya ngazi ya kliniki, nje ya njia ya gari. Niliuchomeka waya taratibu, macho yangu yakiwa hapohapo. Uligota kabla ya alama.

"Mama," niliita, "njoo uone."