Pumzi za Ng'ombe wa Kundelungu

Ukungu uliwakuta juu ya uwanda wa Kundelungu, lori likaacha njia. Rigobert, dereva, alipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kuingia korongoni. Kioo kilimchana paja hadi mfupa ukaonekana.

Ilikuwa Julai 1962. Kule Elisabethville watu wa Kasai walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, na Mama Kapinga, mmoja wao, muuza vitenge, alikimbia baada ya mumewe Clément kuchukuliwa na wenye bunduki. Alikuwa akienda Kilwa, mji mdogo wa ziwani, kwa njia ya juu isiyo na vizuizi. Abiria mwenzake alikuwa Mademoiselle Adolphine, mwalimu wa historia.

Kapinga alipasua kitenge akafunga jeraha. Jua lilikuwa halijazama, lakini nyasi zilikwisha kuanza kuwa nyeupe kwa baridi. Walimkokota Rigobert hadi kwenye zizi la udongo lenye paa, mali ya mzungu aliyekimbia. Ndani walisimama ng'ombe. Hawakulia wala kucheua. Walikuwa wakipumua tu.

Kapinga alitaka kuwatoa ili wapate nafasi. Adolphine akamzuia. Akamweleza habari za Waviking, watu wa kaskazini ya mbali, ambao baridi yao ilidumu miezi na miezi, theluji ikiziba milango. Walijenga nyumba ndefu za udongo na majani, moto katikati, watu upande huu na mifugo upande ule. Walikula samaki mkavu na maziwa ya mgando waliyoyaweka tangu kiangazi.

"Bang'ombe njo balikuwa moto yabo ya pili," alisema. "Tulale katikati yabo."

Wakaziba mlango kwa turubai, wakawasha samadi kavu, wakakamua maziwa ndani ya sufuria ya Kapinga. Rigobert, aliyekuwa akitetemeka hadi meno yanagongana, wakamlaza ubavuni mwa ng'ombe mzee mweusi aliyejilaza chini. Taratibu akatulia.

Giza lilipoingia, ng'ombe wote waligeukia mlango. Kisha vichwa vyao vikaanza kuzunguka pamoja, polepole, vikiufuata ukuta, kama vile kulikuwa na kitu kinachotembea nje. Hakikusikika kishindo. Vichwa viliposimama, vilikuwa vimeelekea nyuma ya Kapinga, aliyeketi ameupa mlango mgongo, na sauti kutoka nje ikamwita kwa jina ambalo mumewe alilitumia wakiwa wawili tu.

Kapinga akaruka, akashika turubai. Adolphine akamkamata kiuno.

"Iko bwana yangu," Kapinga alisema. "Atakufa na baridi."

"Muulize jina ya mutoto wenu wa kwanza."

Kapinga akauliza. Kisha sauti ikarudia jina lile lile, kwa mlio ule ule, kama kitu kilichojifunza neno moja.

Kapinga akaliachia turubai. Akarudi katikati ya ng'ombe, akaficha uso kwenye manyoya yao, akalia bila sauti mpaka alfajiri.

Asubuhi mchunga ng'ombe mmoja wa bondeni, Mwaba, aliona moshi akapanda. Umande ulioganda ulizunguka zizi lote, laini, bila alama nyingine isipokuwa za miguu yake mwenyewe. Alimtazama Rigobert, kisha ng'ombe mweusi aliyekuwa amekakamaa, macho yakiwa na ukungu.

"Huyu alikufa tangu jana," alisema.

Rigobert alikataa, akasema alimsikia akihema mpaka kunakucha. Kapinga akaweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe, pale alipolala Rigobert. Palikuwa na joto. Akauondoa mkono haraka.

Mwaba aliwashusha hadi Kilwa kwa machela na mtumbwi. Jeraha la Rigobert lilipona, akabaki akichechemea. Adolphine alipata darasa la kufundisha. Mama Kapinga alinyoa nywele na kuvaa nguo nyeusi siku ile ile waliyofika, ingawa hapakuwa na barua wala msafiri mwingine aliyetoka mjini.

Wanawake wa ziwani wakamuuliza ni muntu gani aliyemletea habari ya kifo cha bwana yake.

"Haikukuwa muntu," akajibu.