Mayai ya Nzi Ndani ya Fomalini

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, Dakta Kabatesi alimtoa samaki mdogo aitwaye sambaza kwenye chupa ya Teta, akamlaza chini ya hadubini na kufunua matamvua yake kwa kibano. Katikati ya mikunjo palikuwa na vitu vyeupe, vyembamba, vimebanana kama punje za mchele. Alimtazama samaki wa pili, kisha wa tatu. Akafungua chupa ya pili. Ilikuwa vilevile.

"Teta, samaki hawa umewavua wapi?"

Teta alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya biolojia katika chuo kikuu kimoja mjini Gisenyi. Alitaka kujua kama sambaza wa Ziwa Kivu wanakula chakula kilekile kila mahali. Kwa hiyo alikuwa na chupa tatu, kila moja na samaki wa sehemu moja. Siku hiyo sampuli zilikaguliwa. Bila sahihi ya Kabatesi, mkuu wa idara, hakuna aliyeruhusiwa kupasua samaki hata mmoja.

"Hii ya kwanza ni kwenye mudomo ya muto Sebeya, Madame. Ya pili karibu na bandari. Ya tatu Nyamyumba."

"Saa ngapi?"

"Usiku, pamoja na wavuvi. Usiku ya giza tu. Mwezi ikiwa mukubwa, samaki haifuate taa, na wavuvi wanalala kwao."

"Wakitoka wavuni unawafanya nini?"

"Nadunga kila moja sindano ya fomalini ndani ya tumbo, palepale kwenye mutumbwi, chakula yake isiendelee kuyeyuka. Kisha naitia kwenye chupa."

Kabatesi alimsogezea hadubini. Teta aliinama akatazama.

"Ni mayai ya nzi," alisema.

"Nzi hatagi usiku katikati ya ziwa. Samaki hawa walikaa wazi mchana, pengine kwenye beseni la sokoni, kabla ya kutiwa dawa. Na sioni tundu la sindano."

"Haiko samaki yangu, Madame."

"Mtu aliyenunua sokoni naye angesema hivyo."

Kabatesi hakusema kwa ukali. Alikulia Bukoba, akarudi Rwanda na wazazi wake, na wanafunzi waliolelewa upande wa Goma walimtania kwamba anaongea Kiswahili cha redio. Kanuni ilikuwa wazi: anayeghushi sampuli anafukuzwa. Na hata asipofukuzwa, ziwa lingefungwa Ijumaa kwa miezi miwili ili samaki wazaliane. Teta angekosa mahafali ya mwaka huo.

"Nenda ukakae maktaba. Usizungumze na mtu."

Alipobaki peke yake, Kabatesi alilipima jambo hilo. Mwongo anayejua habari ya sindano angewadunga samaki wake wa sokoni. Ni kazi ya nusu saa. Aliyezijaza chupa hizi hakujua kwamba samaki halisi walikuwa na matundu. Basi hakuwa Teta.

Vénantie, msimamizi wa maabara, aliitwa saa nne.

"Kabati la sampuli lina funguo ngapi?"

"Moja, Docteur. Iko hapa shingoni."

"Na dada yako bado anauza sambaza sokoni?"

Vénantie alikunja mikono kifuani. "Anauza, na mi nakula. Unataka kunifunga juu ya sambaza?"

"Nataka kujua nani aliingia kabatini."

"Bon. Kama ni mi, ningeleta ya dada yangu, na yeye anafunikaka beseni yake. Nzi haiingie. Tafuta mutu mwenye kununua kwa wale wasiofunika."

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Jumapili Igor alinikuta natoka misa. Akasema anaweka chupa yake. Nikamupa. Akarudisha saa saba, ananuka dawa mpaka kwenye nywele. Nikamucheka, nikamuambia hata mufu hanuke hivyo."

Igor alikuwa darasa moja na Teta. Utafiti wake ulihusu urefu na uzito wa sambaza, na chupa yake kubwa ilikuwa imesimama kwenye rafu ya chini, ikisubiri kukaguliwa. Alifika saa nne na nusu, shati limepigwa pasi, macho mekundu.

"Umelala?" Kabatesi aliuliza.

"Kidogo, Madame."

"Nieleze ulivyowapata samaki wako."

"Na wavuvi. Tuliondoka jioni, tukarudi asubuhi. Samaki zote ni za usiku moja."

"Usiku upi?"

"Jumamosi, juma mbili zilizopita. Nakumbuka vizuri juu mwezi iliwaka sana, nzima kabisa. Tuliona mpaka manyumba ya Goma."

"Na taa za uvuvi?"

"Ziliwaka zote. Mitumbwi iko mingi, Madame, ni kama muji juu ya maji."

"Hukuwa ziwani," Kabatesi alisema. "Mwezi mpevu ukiwaka, taa haivuti samaki. Wavuvi wa sambaza usiku huo hawatoki. Anayejifunza samaki hawa angelijua hilo siku ya kwanza ndani ya mtumbwi."

"Labda nimechanganya siku."

"Labda."

Alimwita Teta, akafungua chupa ya Igor mbele ya wote wawili. Alipanga samaki kumi kwenye sinia nyeupe. Nyuma ya pezi la kifua, upande wa kushoto, kila mmoja alikuwa na tundu dogo.

"Wewe unapima urefu na uzito, Igor. Sindano ya tumboni ilikuwa ya nini?"

Igor aliyatazama matundu kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza.

"Sikuyaona," alisema.

"Hukuwa na sababu ya kuyatafuta."

Igor alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa. "Nafanya kazi usiku hoteli, mapokezi. Patron ananipa ruhusa Jumapili muchana peke yake. Kila usiku ya giza mi niko pale, natazama taa za wavuvi kupitia dirisha. Nikasema nitakwenda mwezi kesho, kila mwezi nasema mwezi kesho. Jumapili nikawaza: samaki ya sokoni wakiikataa kwangu, sina la kusema; Teta ni mujanja, hata wakimukatalia ataeleza, watamuelewa."

"Ulijua watanifukuza," Teta alisema.

"Sikufika huko kwa mawazo."

"Ulifika sokoni."

Igor alisogeza kigoda mbali na sinia.

"Ya Sebeya ni gani?" Teta alimuuliza, akionyesha sinia. "Na ya Nyamyumba?"

"Sijui. Nilimimina zote pamoja."

Hapo Teta aligeuka kumtazama Kabatesi, na Kabatesi akaweka kibano mezani.

"Igor, kamati ya nidhamu itakuita leo alasiri. Waambie uliyoniambia, bila habari za mwezi." Alingoja mpaka mlango ulipofungwa. "Samaki ni wako, Teta. Nitaandika hivyo na kutia sahihi. Hakuna atakayekugusa."

"Lakini hatujui kila moja ilitoka wapi."

"Hatujui."

"Na swali yangu ilikuwa juu ya mahali."

"Ndiyo. Kwa hiyo siwezi kuwapitisha."

Vénantie, aliyekuwa akipanga chupa kando ya kabati, alipiga ulimi. "Docteur, mutoto ameibiwa, na ni wewe unamuadhibu."

"Simwadhibu. Samaki hao hawawezi tena kujibu alichotaka kuwauliza."

Teta alisimama kando ya sinia. Alihesabu kitu kwa vidole, polepole.

"Ziwa inafungwa Ijumaa. Iko leo usiku na kesho usiku, na giza iko. Usiku moja, mahali moja. Ni mahali mbili."

"Sehemu mbili zinatosha kulinganisha. Tatu zingekuwa bora. Sitakupa alama za mahali ambapo hukufika."

"Sijaomba, Madame," Teta alisema. Alichukua mbili kati ya chupa zake, akamwaga samaki wa sokoni kwenye ndoo ya taka, akaanza kuziosha.