Shimo la Kunasa Risasi

Bi Sindano hakuwa mzembe wa maji. Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, aliyachemsha mpaka yakatokota, akayafunika, akayapoza. Hata hivyo bintiye alishinda akilalamika tumbo, na alichosoma shuleni asubuhi kilimtoka kabla ya mchana.

Zahanati walimpima mtoto damu, kisha wakamtuma mpima maji, mwanamke mtaratibu wa buti za mpira. Alichota maji ya kijito walichokunywa, kinachotoka kwenye mgodi wa zamani. Majibu yaliporudi, aliwaambia maji yana risasi, na damu ya mtoto vilevile.

Mume wa Bi Sindano, fundi baiskeli, alikunja uso. "Risasi? Nani katupiga?"

"Ni metali, shemeji. Ndani ya maji haionekani, na moto hauiondoi. Kuchemsha huua vijidudu tu."

Bi Sindano akauliza: "Sasa tufanyeje?"

"Tuwatumie bakteria, dada. Si wote wabaya."

Akaeleza kwamba wapo wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa. Wakilishwa samadi, hutoa gesi inayoshikana na risasi, ikawa kama unga mweusi na kutuama chini.

Tangu siku ile maji ya kunywa walichota kwenye bomba la mbali. Fundi akachimba shimo kando ya kijito. Wakalitandika plastiki nene, wakalijaza samadi, unga wa mbao na mawe ya chokaa, wakaingiza bomba la kupitisha maji ya kijito, kisha wakalifunika shimo. Wiki ya pili likanuka kama mayai viza. Majirani walinung'unika, lakini mpima maji alifurahi: bakteria walikuwa kazini.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kibaya: maji yaliyotoka shimoni bado yalikuwa na risasi nyingi. Fundi akashika koleo alifukie.

"Hatufukii," mkewe alisema. "Aliyeanza kuvuka mto harudi akifika katikati. Tutafute kosa."

Kosa likaonekana: maji yalipita mbio mno, bakteria hawakupata nafasi. Wakabana bomba, yakapita polepole. Baada ya mwezi, risasi ilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa.

Ndipo wakaanza kuyanywa, lakini huyachuja na kuyachemsha, na kila mwezi maji hupimwa. Matope meusi hawayagusi wala kuyapeleka bustanini, maana sumu imebaki humo.

Damu ya mtoto ilipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua. Muhula ule tumbo lilimuuma mara moja tu, naye alikiri mwenyewe kwamba alikula mapera mabichi.