Siku Wimbo wa Wanawake Ulipotoka Redioni

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Magamba, juu ya Lushoto. Shule niliishia darasa la pili, lakini nawaambieni wazi, kuna wenye vyeti wanaonivulia kofia. Nilianza peku, tenga la kabichi kichwani, nateremka nalo sokoni. Leo nina malori mawili na nyumba ya bati yenye madirisha ya vioo. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijitengeneza mwenyewe!

Lakini katika nyumba hiyo naishi peke yangu, na kutulia siwezi. Nikikaa nainuka, nikiinuka natoka, nikitoka nawasha lori niende popote... Sababu yake ndiyo hii, ndugu wasomaji.

Miaka ile Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi. Kila mwenye kitu aliitwa kupe. Mimi nilikuwa na lori moja, basi nikipita kijiji cha ujamaa vijana wanaambizana, "Shikeni damu yenu, kupe anapita." Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma sana. Nilitaka watu wajue kuwa Zakaria naye ni mjenga nchi.

Ndipo akaja Suzana. Alikuwa Mchina kwa damu, lakini wazazi wake walihamia Kanada zamani, naye akazaliwa hukohuko. Alikuja kujitolea kufundisha sekondari. Watu wakamwuliza kama amekuja kujenga reli kama Wachina wengine, akajibu kwamba hata nyundo hajui kuishika. Kwao alikuwa mtangazaji wa televisheni, kipindi cha watoto, na mwimbaji. Sisi televisheni tungeijulia wapi? Akatueleza kwamba ni redio yenye picha, na kwamba mtangazaji hawaoni wanaomtazama, yeye hukichekea kioo tu.

Mama yangu, ambaye kwa Kishambaa nilimwita Mame, alimhurumia kweli. "Unamchekea usiyemwona? Pole, mwanangu. Kazi hiyo ngumu."

Jamani, sauti yake! Alijifunza Kiswahili na Kishambaa kwa kuimba na kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Nikaanza kumpeleka kwenye mikutano kwa lori langu, yeye anaimba nyimbo za kulima na kujenga taifa, mimi nimesimama pembeni nimeshika kipaza sauti. Neno kupe likafa. Sasa nikawa "meneja". Nilivimba, ndugu zangu, mpaka shati likanibana!

Haikupita muda, redio ya Dar es Salaam ikampa kipindi cha nyimbo za mikoani, akahamia huko. Mchina anayesalimia Kishambaa redioni! Nchi nzima ilimzungumzia. Na mimi kila nilipokwenda nilisema, huyo nimemtoa mimi.

Basi likizo moja akapanda milimani akiwa na shida. Nyimbo zimemwishia. Alikuwa amesikia kwamba kuna wimbo wa kina mama ambao mwanamume hajawahi kuusikia, akataka kuujua.

Ni kweli upo. Kwetu mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, hukaa ndani mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo wanaume wote huondoka pale nyumbani, hata mwenye nyumba. Wanawake hufunga mlango na kumwimbia. Wanamwimbia nini? Sijui, ni mambo yao. Kiongozi wao wakati ule alikuwa Mame mwenyewe.

Mame alikataa. Mimi nikambembeleza, nikamwambia Suzana ni mwenzetu, ni mtoto wa nyumbani. Mke wangu, Rehema, alikuwa na mimba kubwa, mimba yetu ya kwanza. Aliniambia taratibu kwamba wimbo huo si mali yangu ya kugawa. Nikamjibu kwamba mambo ya maendeleo hayajui. Ujinga ulioje!

Mwisho Mame akaniuliza, "Nani atasimama kwa ajili yake?"

"Mimi, Mame. Akiutoa nje, hesabu ni mimi niliyeutoa."

Nilisema hivyo bila kumeza mate. Kwa neno langu hilo Suzana akaingizwa ndani kwa jirani, siku alipotolewa mzazi wa huko. Mimi na wanaume wenzangu tulikuwa huko barabarani, hatukusikia kitu.

Baada ya hapo Rehema akajifungua binti. Tukamwita Upendo. Tukawa tunangoja siku ya kutolewa, na Rehema alikuwa ameshachagua khanga ya kutokea.

Kabla siku haijafika, Suzana akaniletea salamu kwamba siku ya soko atatoa wimbo mpya redioni. Nikafunga spika juu ya lori, nikaegesha katikati ya soko la Lushoto, nikaita watu. Sauti yake ikasema, "Wimbo huu nimefundishwa na mama yangu wa Usambara." Nikapiga makofi. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Wasomaji wangu, wimbo ambao sijawahi kuusikia ningeutambuaje? Niliona ni mtamu tu! Wanaume wakatikisa vichwa, fundi cherehani akaanza hata kuitikia. Kisha nikaona mama mmoja wa karoti anafunika kapu lake. Wa pili akainuka. Wa tatu... Wakawa wanaondoka, mboga wameziacha chini. Nilidhani mvua inakuja. Nikashika kipaza sauti nikatania, "Kina mama msikimbie, mnaimbiwa nyinyi."

Mungu wangu, nilisema hivyo mbele ya wanaume wote!

Mame akatokea kati ya matenga. Alikuwa ametembea kwa haraka, anahema.

"Zima."

Nikamwambia ni Suzana wetu huyo.

"Zima, Zaka. Mkeo yuko ndani na mtoto mchanga."

Ndipo nilipoelewa. Nikazima.

Wanawake wakakataa kumtoa Rehema. Nilipeleka mbuzi, nikapeleka sukari ambayo siku zile ilikuwa dhahabu, wakaniangalia tu. Mmoja akasema, "Mwite huyo wa redioni apande, aje amtoe mkeo. Sisi hatuna wimbo tena." Wenzake wakacheka, kicheko kibaya. Mame wakamwondoa katika uongozi. Hakuimba tena, hata kanisani, mpaka tulipomzika.

Na Rehema? Mzazi asiyetolewa haendi mtoni, haendi shamba, hasalimii mtu. Alikaa mle ndani na mtoto, anasikia wenzake wakipita njiani wanacheka...

Niliwasha lori nikashuka Dar es Salaam kumchukua Suzana aje aombe radhi. Nikamkuta anafunga masanduku. Televisheni kubwa ya kwao ilikuwa imemwita. Nikamwuliza kwa nini ametuua.

Alilia. "Kaka Zakaria, Mame aliniambia nisiuimbe mbele ya wanaume. Nami sikuuimba mbele yao. Kwenye chumba cha redio nilikuwa peke yangu."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinichezea akili. Nilimsihi apande nami hata kwa siku moja. Akasema ndege haimngoji mtu. Akaenda zake! Mchungaji wetu mmoja aliyesoma huko ameniambia kwamba ni mtu mkubwa sana sasa, ana kipindi chake, na ule wimbo anauimba watu wakasimama na kumshangilia.

Niliporudi Magamba nilikuta mlango umefungwa kwa nje. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Zirai, kule upande wa Muheza, akamchukua mwanawe na mjukuu. Nikawafuata. Nikamkuta Rehema amekaa uani juani, amepakwa mafuta, amevaa khanga mpya, mtoto mapajani. Alikuwa ameshatolewa na wanawake wa kwao.

Nikampigia magoti, mimi Zakaria! Nikamwambia twende nyumbani.

"Rudi na lori lako," alisema. Hakuwa na hasira. "Mtoto hutolewa mahali akawa wa hapo. Huyu ametolewa hapa."

Nilienda tena, na tena. Nilituma wazee. Jibu lilikuwa lilelile.

Ndugu zangu, tajirikeni, jisifuni mkitaka, hata mimi bado najisifu. Lakini nawaomba, msisimame mdhamini wa kitu ambacho si chenu. Na mke akikuambia neno taratibu, usingoje alipigie kelele.

Mwaka jana nilipeleka mzigo Sigi, upande uleule wa kina Rehema. Pale njiani walikuwapo mabinti wa shule wamebeba kuni, nami nikamjua mmoja kwa uso, uso wa Mame mtupu. Akaweka mzigo chini kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

Mzee... Nikaitikia marahaba, nikawasha lori.