Goli la Nje ya Duara

Binti mshonaji alikuwa amekwama kwenye foleni ya duka la dawa alipoiona mbele yake fulana ya kijani yenye mistari ya njano, jezi ya Kijani, timu yake ya mpira wa magongo. Akamvuta mkono mwenye fulana bila kufikiri.

"Kaka, kumbe na wewe ni Kijani!"

Kijana akageuka. Alikuwa fundi simu, mrefu, mwenye tabasamu la upande mmoja. Akamtazama yule binti na gauni lake la bluu, lililomkaa utadhani amezaliwa nalo.

"Shabiki wa kindakindaki," akasema. "Tangu utotoni."

Hakujua amegusa wapi. Utotoni, baba alimbeba binti mabegani kwenda kuangalia mpira wa magongo, mama nyuma na chupa ya chai, na jioni walirudi watatu sauti zimewakauka. Baba alipofariki, mama hakukanyaga tena uwanjani. Wala hakucheka.

Tangu siku ile ya foleni, simu haikutulia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Muongo wewe! Sikiliza, Jumamosi Kijani wanacheza. Nimembembeleza mama mpaka amekubali kuja, kwa sababu yako. Nataka acheke tena. Usiniangushe."

Fundi akajibu: "Nitakuja."

Jumamosi mama alikaa katikati yao, mkoba magotini. Mara mchezaji wa Kijani akapiga mpira kutoka mbali, ukapenya hadi wavuni.

"Goliii!" Fundi akaruka, akamkumbatia mzee asiyemjua.

Jukwaa zima likamgeukia. Kwenye magongo, mpira uliopigwa kutoka nje ya nusu duara ya mbele ya lango si goli. Hata watoto wanajua.

"Tangu utotoni?" binti akauliza, machozi yakimlenga.

"Fulana ni ya mtumba, mpenzi. Niliogopa ungenipita."

"Kutojua mpira ningekusamehe. Lakini nimemtoa mama yangu nyumbani kwa ajili ya uongo!"

Akainuka aondoke. Ndipo akaona mabega ya mama yanatikisika. Mungu wangu, analia! Akainama kumshika. Mama alikuwa anacheka mpaka pumzi zinamkatika.

"Keti, mwanangu. Baba yako siku ya kwanza nilipomleta hapa alishangilia goli la wapinzani. Tena akawanunulia watu soda!"

"Wewe ndiye uliyemleta?"

"Sasa angejulia wapi? Alinidanganya ni shabiki. Nikamfundisha, nikaolewa naye." Akamgeukia fundi. "Na wewe, mkwe, nitakufundisha. Ila usiruke tena bila ruhusa yangu."

"Mama! Mkwe gani? Hajaposa hata!"

"Basi naposa," fundi akasema haraka. "Mama, naomba…"

"Ngoja mapumziko! Kijani wanashambulia!"

Binti hakungoja. Alimnong'oneza fundi "ndiyo" nyuma ya mgongo wa mama, ambaye alikuwa amesimama juu ya benchi, anapiga kelele kuliko jukwaa zima.