Dawa Mbili za Thangam

Asubuhi hiyo Thangam alikuwa amekaa kwenye baraza lake la kuuzia maua, akifunga maua. Matumba ya yasmini yalikuwa mbele yake juu ya kitambaa kibichi. Anachukua mawili huku, mawili kule, anazungusha uzi wa mgomba, anakaza. Vidole vyake havikuhitaji macho. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, kwenye baraza hilohilo, mtaa huohuo wa mji wa Madurai, India.

Mara mtu wa harusini akaingia akihema.

"Mashada ya kuvishana maharusi yako wapi? Bwana harusi ameshafika! Saa ya heri inatupita!"

Thangam akauachia uzi. Mashada! Alikuwa ameyaanza alfajiri. Alipofika nusu akaenda kutafuta mkasi. Akitafuta mkasi, akaiona redio mbovu, akaifungua aitengeneze. Kisha akarudi barazani, akaanza kufunga maua mengine kabisa. Waridi za harusi zilikuwa kikapuni, juani, zimenyauka.

"Kumbe hata kazi ya marehemu baba yako huiheshimu!" yule mtu akafoka, akaondoka mbio kutafuta maua kwingine.

Sevugan, mume wake, alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Si harusi ya kwanza hii, Thangam. Ikiharibika nyingine moja, tufunge baraza. Nani atatuagiza tena?"

Thangam akakivuta kikapu cha waridi zilizonyauka. Kufunga baraza kwake kulikuwa kumpoteza baba yake mara ya pili.

"Maji hufuata mkondo," mama yake, Bibi Pechi, akasema huku akichambua dengu. "Baba yake naye alikuwa hivihivi."

Ni kweli. Enzi zile watu wa mtaa walikuwa na mzaha wao: "Ukitaka shada la leo, mwagize Kathir juzi." Mzee Kathir, baba yake, aliweza kuacha shada la harusi katikati ili amsukie mtoto anayelia kasuku wa majani. Alikuwa akiimba, akipotea njia ya sokoni, akirudi na kiatu kimoja. Watu walimcheka, na walimpenda. Lakini Thangam aliwahi kumwona akiwa peke yake, akijipiga paji la uso kwa ngumi. Hakuwahi kumwambia mtu.

Muda si muda akafika Daktari Kayal. Kila asubuhi alinunua kishada cha yasmini cha kuweka nyweleni kabla ya kwenda hospitalini. Akayaona macho mekundu ya Thangam.

"Nani amekuliza, dada?"

Thangam akamweleza yote. Daktari akauliza, "Ulianza lini kusahau na kurukaruka kutoka kazi hii hadi ile?"

"Tangu shuleni. Mwalimu wangu aliniita kichwa cha panzi."

"Panzi hana kosa, na wewe huna. Huenda si uvivu wala dharau. Kuna tatizo la umakini linaloanzia utotoni, na wengine hukua nalo. Madaktari huliita ADHD. Njoo tukupime. Na mama aje, yeye ndiye anayeujua utoto wako."

Thangam, mama yake na Sevugan wakaenda hospitalini wote watatu. Daktari aliuliza maswali mengi. Alipima presha na moyo, kwa sababu Mzee Kathir alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Moyo wa Thangam ulikuwa mzima. Kisha daktari akasema:

"Tatizo ni hilohilo nililodhani. Dawa ziko za aina mbili. Za kwanza huchangamsha ubongo. Hufanya kazi siku hiyohiyo, kisha nguvu zake huisha. Watu wazima wengi husaidiwa zaidi na hizi. Lakini zinaweza kukata hamu ya kula, kufukuza usingizi, na kuupeleka moyo mbio. Tena wapo wanaozitumia vibaya. Ndiyo maana haziuzwi bila cheti cha daktari."

"Nilijua!" Bibi Pechi akadakia. "Mnataka kumfanya mwanangu mlevi!"

"Akimeza kama nilivyoandika, mama, hatari hiyo ni ndogo. Akimgawia jirani, hapo tutagombana."

"Na aina ya pili?" Sevugan akauliza.

"Hizo si za kuchangamsha. Hazina ulevi. Hujenga nguvu polepole, wiki kadhaa, lakini zikishika, zinashika kutwa. Nazo zina shida zake: kichefuchefu, mdomo mkavu, uchovu. Presha yake tutaipima vilevile. Na ukianza kupata mawazo ya kujidhuru, Thangam, usingoje kesho. Njoo."

"Sasa ipi bora?" Sevugan akauliza tena.

"Wewe muuza maua! Waridi na yasmini, lipi bora? Inategemea anayevaa."

Sevugan akacheka. Bibi Pechi hakucheka. "Mwanangu anaimba, anakula, anacheka," alisema. "Mwacheni alivyo."

Thangam alianza na dawa ya kuchangamsha. Siku ya kwanza tu, ilikuwa kama mtu amezima redio tano zilizokuwa zikilia pamoja kichwani. Alimaliza shada, ndipo akashika jingine.

Lakini kazi ya maua huanza sokoni kabla ya jua, na huisha hekalu likifungwa. Jioni dawa iliisha nguvu na maua ya kupeleka hekaluni bado hayajafungwa. Thangam akameza kidonge kingine bila kuuliza. Usiku hakupata lepe la usingizi. Asubuhi chakula kilimshinda, na moyo ulimpiga kama ngoma.

"Usiongeze dawa bila kuniuliza," daktari alimwambia. "Na mimi nilipaswa kukuuliza saa zako za kazi. Ipo ya kuchangamsha inayokaa zaidi. Au tujaribu ile nyingine. Unaonaje?"

"Ile nyingine. Moyo huu umenitisha."

Wiki za mwanzo Thangam hakuona lolote ila kichefuchefu. Ijumaa alifunga kula kwa ajili ya ibada, akaimeza tumbo tupu, akatapika.

"Si nilisema? Itupe!" Bibi Pechi akasema.

"Usiitupe," daktari akasema. "Imeze na chakula, na uvumilie. Tena dawa haifanyi kazi peke yake. Weka kikapu kimoja tu mbele yako. Vingine Sevugan avifiche."

"Kuficha najua," Sevugan akasema. "Nimeoa mtu asiyejua kutafuta."

Umakini ulikuja polepole, kama kunavyokucha. Ikaja harusi ya mtaa wa pili. Thangam akafunga shada la kwanza, akalimaliza. Akafunga la pili. Sevugan akayapeleka mapema, saa ya heri ikiwa bado mbali. Alirudi na maagizo mengine.

"Baraza halifungwi," alisema, akaingia ndani haraka ili mkewe asiyaone machozi yake.

Thangam akaanza kuimba wimbo wa baba yake huku akifagia majani. Bibi Pechi akaacha dengu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe bado unaimba," alisema.

"Kwani nani alinikataza, mama?"

"Sikuogopa ulevi, mwanangu. Kila ukiacha hiki ukashika kile, namwona baba yako amekaa hapo. Niliogopa dawa itamtoa ndani yako, nibaki sina kitu." Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Nami leo nasema hivi: natamani na yeye angeambiwa kwamba hakuwa mvivu."