Utelezi Kwenye Chuma cha Mguu

Mama dobi alikuwa anafua nguo za watu tangu asubuhi. Alipofika kwenye suruali ya mwanawe, aliinua mguu mmoja wa suruali akautazama. Doa lile lile. La manjano, chini ya goti la kulia. Hii ilikuwa mara ya nne tangu mwaka uanze.

"Wewe baba," aliita, "njoo uone ulichoniletea kwenye beseni."

Mwanawe alikuwa fundi wa vigae, mtu mzima mwenye mke. Mwaka uliopita alianguka kutoka kwenye ngazi, mguu ukavunjika, akafungwa bamba la chuma mfupani kwa skrubu. Mfupa uliunga, lakini kidonda hakikuwa na adabu. Kikitoa usaha, fundi ananunua kapsuli za antibaiotiki dukani, kinakauka. Siku kumi hazipiti, kinafumuka tena.

"Mama, hilo ni jasho la chuma tu."

"Chuma kinatoka jasho? Nimefua miaka ishirini. Jasho nalijua, na usaha naujua."

"Basi nitanunua kapsuli kesho."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema mama, akaikamua suruali kama ndiyo yenye makosa.

Jirani yao, nesi wa wodi ya mifupa, alikuja kuchukua sare zake. Aliutazama mguu, akasikia habari za kapsuli, akaguna.

"Kapsuli umemeza mara ngapi?"

"Kila kikifumuka."

Nesi akamgeukia mama. "Dada, pipa lako la maji, ukipitisha mkono ubavuni kwa ndani, unagusa nini?"

"Utelezi."

"Ukimwaga maji safi juu yake, unatoka?"

"Utatokaje? Mpaka usugue."

"Basi ndivyo hivyo. Bakteria wakishika chuma wanajifunika utando kama huo. Kapsuli inakuja na damu, na ndani ya chuma hakuna damu. Inaua wanaorandaranda nje. Waliojifunika wanasubiri uache dawa, huku wanautafuna mfupa. Nimeona waliochelewa wakikatwa mguu. Mlete hospitali Jumatatu."

Mama aliacha kufua. Fundi wa vigae asiye na mguu atapigaje goti?

Ila hofu nayo ina ujinga wake. Siku tatu za kungoja Jumatatu alimpa mwanawe kapsuli asubuhi na jioni, kidonda kikauke. Hakutaka daktari amwone mwanawe ananuka kama hana mama.

Jumatatu kidonda kilikuwa kikavu kabisa. Daktari alitazama picha ya eksirei.

"Mfupa umeunga. Tutafungua, tutatoa chuma, tutasugua na kukata nyama iliyokufa. Kisha pale pale tutaweka shanga ndogo za saruji ya mifupa, iliyochanganywa na antibaiotiki. Dawa itachuruzika polepole hapo hapo, kali kuliko ile inayoletwa na damu. Lakini kwanza nichukue sampuli ya ndani, nijue ni bakteria gani na anauawa na dawa ipi. Umemeza dawa yoyote karibuni?"

"Hapana," alisema fundi, mkavu kama kidonda chake.

Mama alimtazama. Ulimi ulimwasha. "Amemeza, daktari. Siku tatu. Nilimpa mimi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

"Kidonda kipendeze."

"Kimpendeze nani, mama? Mimi nataka kukiona na ubaya wake. Sasa sampuli itaniambia hakuna kitu, na shanga nitazitia dawa ya kubahatisha. Mficha uchi hazai." Alishusha pumzi. "Acheni kapsuli hizo wiki mbili, dawa iishe mwilini, kisha mrudi. Mnaziacha kwa sababu nimesema mimi. Dawa mliyoandikiwa msiiache wenyewe. Homa ikipanda au mguu ukivimba, njooni siku hiyo hiyo, msingoje tarehe."

Zilikuwa wiki mbili za kero. Usaha ulirudi, na fundi kila jioni alitaka "kupita dukani kidogo."

"Pita," mama alimwambia. "Nitakufuata nikuaibishe mbele ya muuza dawa."

Hakupita. Sampuli ikachukuliwa, na baada ya siku chache bakteria akajulikana. Zile kapsuli za mwaka mzima zilikuwa hazimgusi hata kidogo. Mama alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Fundi akapasuliwa, shanga zenye dawa inayomfaa bakteria huyo zikawekwa. Wiki sita alimeza pia dawa aliyoandikiwa, bila kuruka hata siku moja, kisha shanga zikatolewa. Miezi ikapita. Kidonda kilifunga kikabaki kovu, na fundi akarudi kupiga goti sakafuni kwa watu.

Siku moja fundi mmoja wa kupaka rangi alikuja nyumbani. Alikuwa amefungwa chuma ndani ya mkono, na mkono ulikuwa unatoa majimaji.

"Fundi, wewe ulipona kwa kapsuli gani?"

"Hakuna. Ya dukani usimeze hata moja. Nenda hospitali leo, na usaha wako kama ulivyo. Na ulichokwisha kumeza, kitaje chote."

"Nani kakufundisha?"

"Aa, haya mambo nayajua siku nyingi."

Mama alikuwa anaanika shuka. Aligeuka amuumbue kwa uongo huo. Lakini yule wa kupaka rangi alikuwa ameshashika njia ya hospitali. Acha afike kwanza, alijisemea. Huyu wangu nitapambana naye baadaye.